Nimedanganya kwa Ajili ya Kipofu, na Ndugu Wanataka Niungame

Kwako Mshauri wa gazeti,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Ruiru, na baada ya salamu nina neno limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, nisipolitoa litaniua.

Mimi ni mtu wa Nyanza, nafanya kazi shamba la kahawa, tunakaa kwa laini za wafanyakazi na mke wangu Aoko na watoto, na mimi niliokoka, nikaacha pombe, nikaacha tumbako, nikarudisha hata jembe la shamba nililokuwa nimeficha chini ya kitanda, nilimpelekea nyapara mkononi mbele ya watu wote, wakanicheka sana, lakini tangu siku hiyo neno langu limekuwa neno. Nyapara wetu Kagwe yeye hajaokoka, lakini mke wake Waceke ni dada yetu katika ushirika wa waliookoka.

Sasa jirani yangu ni Mwongeli, mjane wa Kikamba, mchuma kahawa, marehemu mume wake Nzioka alikuwa rafiki yangu, na njaa ilipokaza huko kwao Mwongeli alimleta mama yake mzazi, Syombua, ambaye ni kipofu, watoto wote wa laini wanamwita Susu, yaani nyanya kwa lugha yao, na kule nyumbani hakubaki mtu hata wa kumshika mkono ampeleke choo. Lakini sheria ya shamba ni kwamba asiye na kazi hapa haruhusiwi kulala kwa laini, na tangu serikali itangaze Hali ya Hatari wamekaza zaidi, mgeni akipatikana anapelekwa kwa askari na mwenye nyumba anafutwa kazi na vyombo vyake vinatupwa nje.

Jumamosi moja wakati wa kugawa posho, Kagwe akasema ofisi imesikia kuna wageni laini ya juu, lakini yeye hana haja ya kufungua milango, ataniuliza mimi. "Boaz, wewe umeokoka. Kwa laini yako kuna mtu asiye wetu?" Mwongeli alikuwa ananiangalia, Mshauri, nami nikasema, "Hakuna." Kagwe akasema, "Boaz akisema hakuna, hakuna," akaenda zake. Hakufungua hata mlango mmoja.

Ni afadhali angenipiga kofi. Kwetu ushirikani kila Alhamisi mtu husimama akatoa dhambi yake mbele ya ndugu, na asiyetoa tunasema amezima taa. Mimi tangu siku hiyo nakaa kimya, na ndugu yetu Dismas amenishika bega akaniambia, "Ndugu, uso wako una giza, lilete nuruni." Nikilileta nuruni, Waceke yuko pale benchi la mbele, si mtu mbaya, lakini tumefundishwa mke na mume wasifichane, kwa hivyo kabla ya jioni Kagwe atakuwa anajua. Nikinyamaza mimi ni mnafiki, naimba na mdomo tu. Nilimwambia Aoko akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Kwa hivyo wewe utaoga na maji ya mwenzako ya kunywa? Haya, simama uungame, na mimi nitasimama niungame kwamba nimeolewa na mjinga."

Halafu Susu mwenyewe akasikia, sijui nani alimwambia. Akaniita, akanipapasa uso, akasema kwa Kikamba na Mwongeli akawa anatafsiri huku analia: "Mwanangu, usichafuke kwa sababu yangu. Nipatie tu mtu wa kunionyesha barabara ya Thika. Kutoka hapo nitauliza mbele kwa mbele." Na Mshauri, naona haya kuandika hili, lakini moyo wangu uliona nafuu kidogo.

Sheria inasema nimekosa, ndugu watasema nimekosa, na roho yangu mwenyewe inasema huku na huku. Nimfuate nani? Naomba unijibu upesi, maana Susu ameshafunga nguo zake kwa kitambaa.

Ni mimi,
Boaz

JIBU

Boaz ndugu yangu,

Pole. Pole sana. Mtu mbaya hakosi usingizi kwa neno moja la "hakuna."

Kwanza tuiondoe sheria njiani. Sisemi watu waishi bila sheria, tungekulana. Lakini hiyo ya laini iliwekwa kwa sababu ya vyumba na kazi, aliyeiandika hakumwona Syombua wala hamjui. Sheria inaweza kukuambia chumba ni cha nani. Haiwezi kukuambia kama ni haki kumtupa mama kipofu barabarani, hilo unaulizwa wewe. Na kabla mtu yeyote hajaandika sheria huku kwetu, Mkamba, Mkikuyu na Mjaluo wote walikuwa wanajua kwamba mzazi hatupwi.

Na ule uongo? Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulidanganya, na aliyekuamini umemwacha na kitu kisicho kweli mkononi. Usianze kujiambia haukuwa uongo. Ulikuwa uongo, na ulifanya vyema kuusema. Ubebe. Mtu mzima hubeba vitu vizito. Lakini hebu nikuulize na mimi: mtu anayetaka kweli kumpata mgeni hufungua milango, au humuuliza mtu mmoja mbele ya watu halafu akaenda zake upesi? Labda Kagwe anajua. Labda anakuamini tu. Mimi sijui, na wewe tafadhali usiende kumuuliza!

Sasa nikugombeze kidogo. Jembe ulilirudisha ukapona, na umedhani kila dhambi hurudishwa hivyo. Jembe lilikuwa deni lako mwenyewe. Hili ukilirudisha, atakayelipa ni Mwongeli. Alhamisi utatoka pale mwepesi, wamekukumbatia na kukuimbia, na Ijumaa sufuria zake ziko nje. Kuungama ni kujifunua mwenyewe, Boaz. Kumfunua mwenzako kuna jina lingine, na jina hilo ni kuchongea.

Ile nafuu uliyoona moyoni Susu alipotaka kwenda ndiyo ya kuogopa, kuliko ile "hakuna" ya Jumamosi. Lakini umeiandika mwenyewe bila kulazimishwa na mtu, na kwa hilo nakuheshimu.

Basi sikiliza. Ukimaliza kusoma hapa, weka gazeti chini uende kwa Syombua, ukamwambie kwa mdomo wako kwamba haendi popote, na huo mzigo wake aufungue ukiwa hapo hapo. Alhamisi simama useme hivi: nina jambo, Mungu analijua, linamgusa mtu mwingine, kwa hivyo sitalisema. Halafu uketi. Anayetaka zaidi ya hapo anataka umbea, hata akiwa na Biblia mkononi. Dismas akikushika bega tena, mwambie akushike kwa maombi.

Kisha mtume mchungaji wenu Thika kwa ofisi ya mambo ya kazi, aulize bila kutaja mtu wala shamba: mfanyakazi mwenye mzazi asiyejiweza anaweza kupewa ruhusa ya kukaa naye? Wakikubali, Mwongeli aombe. Wakikataa, mtafutieni mama mahali Gitothua, nje ya shamba, na nyinyi ndugu wa Alhamisi mnaopenda nuru mumpelekee kuni na maji kwa zamu. Akishatulia huko, hapo uko huru kumwendea Kagwe na kumwambia kila kitu, maana wa kuadhibiwa utakuwa wewe peke yako. Nitaona basi kama bado una hamu ya kuungama. Nafikiri utakuwa nayo.

Msalimie Aoko sana. Siku nyingine muulize yeye kwanza, utaokoa stempu.

Majina yote nimeyabadilisha, hata lako, usishangae. Ruiru nimeiacha ilivyo kwa sababu mashamba ya kahawa huko ni mengi mno. Na mtu akija hapa ofisini kuniuliza barua hii ilitoka shamba gani, nitamtazama machoni nimwambie haikuwa na anwani. Ilikuwa nayo, ndugu yangu. Nimeichoma kwa jiko leo asubuhi.

Mshauri