Mfiwa Aliyetaka Turudie

Mwenzangu, acha unachofanya usome. Ndiyo kwanza natoka mazishini.

Wiki hii nimeshapiga video harusi na tangazo la magodoro, lakini kituko ni leo.

Mtoto wa kwanza wa marehemu, ndiye aliyenikodi, kaniambia nimbandikie maiki kwenye koti ili kilio chake kisikike vizuri. KILIO!

Basi akaliangukia jeneza, "Babaaa!" Mimi nina hedifoni masikioni. Katikati ya kwikwi namsikia ananong'ona: "Unanichukua usoni?"

Usoni! Baba mtu yuko kwenye jeneza!

Mara shangazi yake akapita mbele ya kamera. Jamaa kanyamaza papo hapo, kama bomba lililofungwa. Jeneza limeshaanza kushuka, yeye anawapungia mkono wanaoshusha: "Lipandisheni, turudie."

TURUDIE. Nilitamani ardhi inimeze mimi kwanza.

Mama yake akamsogelea polepole, mdomo karibu na ile maiki: "Alipougua hukuja kumwona hata mara moja. Leo unataka kumzika mara mbili?"

Sasa hivi bwana mkubwa kanipigia. Video anaitaka leo leo, aitume kwenye kundi la ukoo, na nisikate hata kipande.

Haki ya nani, sikati.