Kidole Nilichokikataza

Mama,

Mjukuu wako Nkatha amejifungua mtoto wa kike kule Embu. Nimerudi Mikinduri jana jioni, na sina uso wa kutazama watu. Acha nieleze kwa utaratibu, maana unajua mimi bila kueleza siwezi.

Mtoto alikuwa na vipunje vyeupe kwenye ufizi, mfano wa mchele uliovunjika. Mama wa mume wa Nkatha, aliyekuja kutoka Gachoka, akanong'ona kwamba amezaliwa na meno, na kwamba yuko mzee anayejua kuyang'oa. Muuguzi akasema hayo si meno. Ni vijifuko vidogo tu, watoto wengi huzaliwa navyo, na huisha vyenyewe baada ya wiki chache; kuvikwangua ni kumwumiza mtoto bure. Kisha akavaa glavu, akaingiza kidole kinywani mwa mtoto, akapapasa kaakaa polepole, kutoka mbele hadi nyuma kabisa, halafu akamulika kwa tochi. Alisema kaakaa likipasuka huko nyuma, mwanya wake ni rahisi sana kupitwa bila kuonekana. Kaakaa lilikuwa zima. Wote walifurahi. Mimi nilitoka nje.

Mama, hivyo ndivyo ulivyotaka kumfanyia Nkatha siku aliyozaliwa nyumbani kwangu. Ulikuwa umezalisha nusu ya kijiji, na kila mtoto ulimpapasa kaakaa kabla hajanyonya. Ulikata kucha. Ulinawa kwa maji moto na sabuni. Naona hadi leo mvuke ukitoka mikononi mwako. Nami, mwalimu wa sayansi niliyetoka chuoni mwaka uleule, nikasimama mlangoni, mahali ambapo mkwe hapaswi hata kukaribia, nikasema mbele ya wanawake wote, "Mama, kidole cha zizini hakiingii kinywani mwa mtoto wangu."

Wakacheka. Mmoja akaniita daktari wa chaki. Wewe hukucheka. Ulisema, "Sawa, mwalimu," ukaficha mkono ndani ya leso.

Miezi mitatu maziwa yalimtoka mtoto puani. Nilimwambia binti yako ni mafua, kisha nikamwambia hajui kumshika, nikamchorea hata picha. Mtoto akabaki mifupa. Daktari alipomulika na kuona kaakaa limepasuka huko nyuma, aliuliza ni nani aliyempokea mtoto huyu bila kumwangalia kinywa.

Nikajibu, "Ni mama mkwe. Hakusoma."

Maneno hayo yalifika Mikinduri kabla yangu. Akina mama wakaacha kukuita. Niliwaona wakipita mlangoni pako kwenda kwa mkunga mwingine, nikanyamaza. Nkatha alifanyiwa upasuaji, akanenepa, lakini sauti ikabaki inapitia puani, na shuleni walimwiga. Kila aliyeniuliza nilimweleza jinsi kaakaa linavyoungana tumboni mwa mama. Maelezo mazuri, Mama. Hukuwamo ndani yake, wala mimi.

Jana, kwenye benchi nje ya wodi, nilimwambia Nkatha ukweli. Alimpigapiga mtoto mgongoni. Kisha akasema, "Baba, cucu aliniomba msamaha kabla hajafa. Alisema siku ile alipaswa kukataa kukusikiliza."

Wewe. Wewe ndiye uliyeomba msamaha.

Nimefundisha maisha yangu yote, na hili sijui niliandike vipi. Ulikaa miaka mingi hatua mia moja kutoka kwangu. Ningeweza kuja siku yoyote.

Jumapili, ibada ikiisha, nitaomba nafasi mbele ya akina mama. Baadhi ya waliokuacha bado wako hai, wanatembelea mikongojo. Nitawaambia kwamba ulikuja tayari, na mimi ndiye niliyekuzuia, halafu nikakusingizia. Wakinicheka nitasubiri wamalize. Kisha nitarudia kwa sauti zaidi, kwa wale wasiosikia vizuri.

Lala salama, Mama.

Mkwe wako,
Mutuma