Jicho la Mama Kadzo

Vitengeni, Jumatano

Dada Zuhura,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, na Mama umfikishie zake. Huku jua ni kali, vumbi limeingia hata kwenye chai, nami sijatulia tangu asubuhi.

Daktari wetu anatafiti dawa mpya ya vidonda vya kioo cha jicho. Yeye humulika jicho bovu kwa tochi, mimi naandika kwenye kadi. Leo nilisoma kwa sauti, "Mama Kadzo, jicho la kulia." Akanijibu, "La kulia ni lako wewe, karani. Langu bovu ni hili la kushoto. Au tubadilishane?" Foleni nzima ikacheka. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Tangu asubuhi nimekaa nikitazamana na wagonjwa, nikiandika kulia na kushoto kwa upande wangu, si wao. Wiki ijayo daktari mwingine, akifuata kadi zangu, angepima macho mazima, akaandika kwamba dawa imeponya.

Nimemweleza daktari. Hakunikaripia, amesema tu kesho niwafuate makwao wote tisa waliomtangulia Mama Kadzo, nikasahihishe kadi zao. Wawili sijui wanakaa wapi. Niombee niwapate, dada, na Mungu awatunzie wanao macho yao.

Mdogo wako,
Athumani