Haa Yako Si Saini

Aabo,

Amani ya Mungu iwe juu yako, baba yangu, huko ulikolala. Leo nimemfukuza mtu mlangoni pako kwa maneno ambayo, ungekuwepo, yangekufanya unitoe nje mimi kabla yake. Nisamehe kwa maneno. Kumfukuza sijutii hata kidogo.

Ni mkusanya madeni wa ile kampuni iliyokukopesha miaka tisa iliyopita, ukanunue madume ya ng'ombe kule Hadado uje uyauze hapa Garissa. Ukame uliyamaliza njiani. Tulijua yamekufa, hatukujua yalikuwa ya mkopo. Yule mtu amenikasirisha, Aabo, lakini na wewe umenikasirisha. Kwa nini hukusema?

Alikuja mara ya kwanza wiki tatu baada ya mazishi. Hooyo yuko eda, kitambaa cheupe kichwani, na yeye akaketi kwenye kiti chako bila kukaribishwa. Akatoa simu. "Mama, sikiza mzee wako mwenyewe akikubali." Ukasikika, kumbe walikurekodi. Mtu anakusomea laki mbili na elfu kumi na nne, unajibu, "Haa." Anauliza utalipa lini, "Haa."

"Hiyo ni ndiyo kwa Kisomali," akasema, akajiona mjanja.

Ndiyo gani! Haa hiyo ulimpa kila mtu, hata aliyekutukana. Ilikuwa ni kusema endelea, nakusikia. Fundi wa choo alikutajia bei nusu saa nzima ukimwitikia haa, haa, kisha ukamwambia aende zake. Siku ile tulicheka hadi Hooyo akamwaga chai.

Safari hii Hooyo hakucheka. Alisikia sauti yako akalia. Mimi nilitaka kumwomba yule mtu anitumie hiyo sauti, lakini hasira ilinizuia. Hapo ndipo akatoa neno alilofundishwa kulitumia kwetu: kwamba roho ya Mwislamu huning'inia hadi deni lake lilipwe.

"Mimi taliba," Hooyo akamjibu, p ikawa b kama kawaida yake. "Mbuzi iko."

Mbuzi wake kumi na wawili wa maziwa! Yule mtu akasema kwa leo inatosha elfu moja, ya kuonyesha nia njema. Hooyo alikuwa ameshaanza kufungua fundo la mtandio. Nilimshika mkono mama yangu, tena kwa nguvu, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Sheria sikuijua. Niliona tu kwamba anayedai laki mbili hawezi kuifurahia elfu moja namna ile.

Kesho yake nikaenda kwa wakili, mama mmoja anayesaidia watu bure hapa mjini, na makaratasi yako yote niliyoyakuta chini ya godoro. Malipo yako ya mwisho yalikuwa miaka saba iliyopita. Akaniambia deni la mkataba likipita miaka sita hivyo, bila malipo wala kukiri, korti haiwalazimishi watu kulipa. Na kukiri ni kwa maandishi na saini, si haa ya kwenye simu. Lakini ile elfu ingeweza kuanzisha hesabu ya miaka upya. Ndiyo hiyo nia njema yao! Isitoshe, deni lako linadaiwa kwenye ulichoacha wewe tu, na mbuzi si wako. Hooyo alikuja nao kutoka kwao.

Leo karudi na karatasi ya kukiri deni, Hooyo aweke alama ya kidole. Mengine nimeshakueleza.

Nilidhani Hooyo atafurahi. Akasema, "Korti si Mungu," akageukia ukuta. Nikaenda kumuuliza sheikh. Akasema pesa uliyoipokea ni haki ya watu hata ipite miaka mia. Riba haikuhusu. Nimepiga hesabu: katika pesa uliyoipokea imebaki elfu thelathini na nane. Zile nyingine zote wanazodai ni riba na faini.

Basi, Aabo, nakuahidi. Nitazitoa kwenye mshahara wangu wa ualimu, zote kwa mara moja, na wakili atahakikisha wao ndio wanasaini kwanza kwamba hawana dai tena juu yako, wala juu ya Hooyo. Wasiposaini, nitazishika hadi wasaini.

Lala salama, baba yangu. Ulichokula cha watu nitakirudisha. Cha Hooyo hawatakila.

Binti yako,
Hodan