Salamu Sita Ambazo Sikuzifikisha

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 14

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko na zikukute mzima. Kifua kinaendeleaje na hiyo baridi? Ulisema mmehamia nyumba yenye dirisha upande wa jua, nikafurahi. Sisi huku tu wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, lakini likishapata moto anatembea kunishinda. Binti yangu mkubwa amenipita kimo kwa vidole viwili na hanipi nafasi ya kusahau. Mdogo wake ameng'oka jino la mbele, sasa akisema "sisi" mluzi unamtoka bila kutaka.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Wiki hii nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza hali ya hewa. Ujumbe wako wa Ijumaa nao sijaujibu. Jambo lenyewe ni la aibu, wifi, na mdomo umenishinda. Nisome mpaka mwisho, kisha ununune.

Unazijua siku za nyumba hii. Jumatatu hadi Ijumaa niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nakunja mashuka. Jumamosi ni ya kila mtu: asubuhi nguo, saa nne Mama apelekwe kunyooshwa goti, saa sita binti mkubwa akachukuliwe kwenye masomo ya ziada, kisha mdogo anyolewe, jioni mapishi ya wiki nzima. Binti mkubwa ameandika ratiba akaibandika kwenye mlango wa friji, kila mtu na rangi yake ya kalamu. Mimi sina rangi. Nilipouliza aliniambia, "Mama, wewe uko kwenye zote."

Saa ambazo hakuna aliyezigusa ni zile za kwenda kaburini kwa kaka yako, saa nane mpaka saa kumi. Miezi ya mwanzo nilikwenda kweli, usinitilie shaka katika hilo. Nilipalilia, nikakaa naye. Wewe ukaanza kunitumia salamu kila Ijumaa, mwambie hivi, mwambie vile, nami nilizifikisha neno kwa neno, hata ile ya kumgombeza kwa kioo chako alichokivunja mkiwa watoto.

Halafu nikaona karatasi kwenye ubao wa kazini. Mafunzo ya kupamba keki kwa wanaoanza, Jumamosi nane, saa nane mpaka saa kumi. Nikakumbuka siku kaka yako alipoleta keki ya binti mkubwa kwa baiskeli. Alipofungua boksi, maua yote yalikuwa yamebaki kwenye kifuniko. Akayakwangua kwa kidole, akala, akasema, "Keki imevua kofia tu." Nilicheka peke yangu mbele ya ubao, nikajiandikisha siku ileile.

Ningeweza kumwambia Mama. Niliogopa ataona mjane wa mwanawe ameanza kutafuta sherehe. Tena nilijua nikitaja keki, saa zile zitapata mwenyewe kabla sijavaa viatu. Lakini nikisema naenda kwa mume wangu, kila mtu anainamisha kichwa. Siku moja jirani alikuja amembeba mtoto wake na chupa ya maziwa, anataka nimshikie. Kusikia ninakokwenda, akarudi kinyumenyume akiomba radhi. Mimi nikageuza kona, nikaenda kupamba keki. Wifi, nililifanya kaburi la kaka yako kisingizio.

Kwa mwalimu wa keki hakuna aliyejua kwamba nimefiwa. Tulikuwa watano jikoni kwake. Siku ya kwanza niliubonyeza mfuko wa krimu mpaka ukapasuka, ikamrukia usoni fundi cherehani aliyesimama mbele yangu.

"Wewe Mkono Mzito!" mwalimu akapiga kelele. "Hiyo ni krimu, si shuka la hospitali! Usiikamue, ibembeleze!"

Fundi cherehani akajipangusa nyusi taratibu. "Mwache, mwalimu. Dada wa watu ananitia poda."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Jina la Mkono Mzito likaniganda, nami nililipenda, maana mwenye jina hilo hakuwa amemzika mtu.

Jioni nilikuta ujumbe wako unauliza kama salamu zimefika. Nikajibu, "Zimefika." Wiki iliyofuata nikaongeza kwamba kulikuwa na upepo mzuri. Uongo ukishapata njia hauoni shida kurudi.

Wiki ya nne ndiyo uliponiomba nimwombe msamaha kwa niaba yako, kwa kuwa hukuwahi kumzika. Nikakujibu kwamba nimemwambia yote, na nimekaa naye sana. Ukaniandikia kesho yake kwamba usiku ule, kwa mara ya kwanza, umelala bila kulia. Wifi yangu, siku hiyo sikukaa naye hata dakika moja. Nilikuwa najifunza kutengeneza waridi la sukari.

Rangi ya waridi lile haikutoka kwenye vidole. Mdogo akaniuliza, "Mama, kwa baba kuna rangi?" Nikamwambia nimepanda maua mekundu, yananichafua nikiyashika. Mtoto huyu hana pa kuficha neno. Akamwambia bibi yake, na Mama akafurahi hata akawasimulia wenzake wa zoezi la goti.

Jumamosi ya sita Mama akaamua kunifuata kimyakimya, anifurahishe. Na goti lake lile akabeba dumu la maji, akawachukua watoto, wakaenda kumwagilia maua yangu.

Niliporudi niliwakuta wamekaa kwenye ngazi ya mlangoni, mikono yao imejaa udongo. Walikuwa wameng'oa majani yaliyofika magotini, wote watatu, kwa mikono mitupu. Mama akaniangalia kwa upole. "Maua sikuyaona, mwanangu. Labda ni macho yangu."

Alinipa nafasi ya kusema kweli, nami nikaikanyaga. Nikasema huenda mtunza makaburi ameyang'oa akidhani ni magugu.

"Maua ameyang'oa, majani ameyaacha?" binti mkubwa akauliza.

"Nyamaza wewe," Mama akamwambia. "Mama yako hahojiwi mlangoni."

Jumatatu Mama akaenda kumgombeza mtunza makaburi. Mzee wa watu hakubisha. Alisema makaburi ni mengi, huenda alipitiwa, akaomba radhi. Jumatano akachimbua miche nyuma ya nyumba yake mwenyewe, akaipanda kwa kaka yako, akamwita Mama aje aone. Mama alirudi akimsifu mezani. "Muungwana yule. Kosa lake amelibeba mwenyewe."

Nikamweleza Mama yote tukiwa tunaosha vyombo. Hakupaza sauti, na heri angepaza. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Na kupamba umejua?" Nikasema kidogo. Akaosha sahani mbili, akazipanga. Ndipo akasema, "Saa mbili ungeniomba, ningekupa, na mtoto wa jirani ningemshika mimi. Umeniongopea, nimekusamehe. Yule mzee utamwendea kesho. Lakini salamu hazikuwa zangu. Hizo mwandikie mwenyewe."

Nilikwenda. Mzee alinisikiliza ameegemea jembe lake. Nilitegemea matusi, ningeyapokea. Akasema, "Basi nashukuru kuniambia. Nilishaanza kuogopa kwamba sioni vizuri, nikawa sigusi jani mpaka niliinamie." Nimewatia wazee wawili shaka na macho yao, wifi, kwa sababu ya saa mbili za keki.

Binti mkubwa ananiitikia kwa "sawa" tu. Mama anasema darasa nilimalizie, zilikuwa zimebaki siku mbili, jana na Jumamosi ijayo. Jana sikwenda. Sitakudanganya kwamba nalichukia darasa lile. Nililipenda, na hata sasa mikono inalikumbuka. Ndiyo maana naona aibu zaidi.

Jana nilitaka kwenda kaburini nizitoe salamu zako zote sita kwa mpigo, nimalize. Nilifika mpaka getini. Nikaona nitakuwa nimekuibia mara ya pili, kwa sababu wewe ungebaki unaamini zilifika kwa siku zake. Na ule msamaha ulioniomba nimpelekee, sikuona kama bado nina haki ya kuutamka. Nikarudi.

Kwa hiyo ujue, kaka yako hajaambiwa. Ukitaka niende mimi, niandikie, nitaenda siku hiyohiyo na nitakuambia ilivyokuwa, hata kama sitakuwa nimekaa. Kama mdomo wangu huutaki tena, nitaelewa. Binti mkubwa amekubali kwenda na simu, aishike pale karibu na miche, useme naye mwenyewe. Mimi nitabaki nje ya geti, nisisikie.

Nisalimie shemeji na wale pacha, uwaambie mke wa mjomba wao huku anawakumbuka. Mama anakusalimu sana na anasema ufunike kifua. Watoto wanakusalimu pia. Wao hawana kosa, wifi, usiwakatie simu zako kwa ajili yangu.

Mungu akulinde, na akurudishie usingizi ambao barua hii itakunyang'anya.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukininunia.