Gari Lisilo na Klachi

Nyumbani, chumba cha nyuma ya tanuri,
Jumapili, baada ya mikate ya mwisho kutoka.

Mpendwa Kaka,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, wewe, wifi yangu na mtoto wenu. Mnaendeleaje? Kile kikohozi chako kimekuacha? Mama kila akiona wingu anauliza kama una koti la maana, utadhani wingu likitoka juu ya paa letu linakuja kwako moja kwa moja. Sisi hatujambo. Mama ni mzima, presha yake imetulia, na masikio yake bado yanasikia yale anayoyataka tu. Baba naye yupo, na habari zake ndizo zilizonikalisha na kalamu.

Siku ile uliponikatia simu sikukasirika. Basi, nilikasirika kidogo, nikakanda unga mpaka hasira ikaisha. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tunakuwa majogoo wawili kwenye banda moja. Barua haikatizwi. Isome mpaka mwisho, kisha uniite mjinga ukipenda.

Ulisema nimemnunulia mzee jeneza lenye magurudumu. Neno hilo lilinichoma, Kaka. Ngoja nikueleze mambo yalivyokwenda, maana Mama alikusimulia nusu tu, na nusu yenyewe ni ile mbaya.

Unalijua goti la Baba la kushoto, lile aliloumia enzi za malori. Miaka yote lilikuwa likimsumbua wakati wa baridi, analipaka dawa, maisha yanaendelea. Mwaka huu limekataa kabisa. Halikunjiki vizuri na halina nguvu ya kusukuma. Akatuficha. Kila alfajiri alipakia kreti za mikate kwenye pikapu letu kuukuu, akajivuta mpaka kwenye usukani, akaondoka, nasi tukasema ni uzee.

Siri ilifichuka kwenye mteremko wa zahanati, na mimi nilikuwa naye. Alisimama kupisha watu, pua ya gari ikitazama juu. Alipotaka kuondoka, mguu ukashindwa kuishusha klachi. Gia ikakwaruza, ikakataa kuingia, na mguu wa kulia ulikuwa umeshahamia kwenye mafuta. Tukaanza kurudi nyuma. Nyuma yetu alikuwapo mama mmoja anamsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu. Baba aliivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Tuliposhuka kutazama, nafasi iliyobaki kati ya gari na magoti ya yule mgonjwa ungeiziba kwa mkate mmoja.

Yule mama hakututukana. Alitutazama tu. Afadhali angetutukana.

 Tulipofika nyumbani Baba alimpa Mama ufunguo, akakaa juu ya gunia la unga, uso ameuelekeza ukutani.

Wewe ulishauri tuajiri dereva, nasi tukakusikiliza. Alikuja kijana mwenye maneno matamu. Mikate ilifika madukani imepondeka kama mito ya kulalia, na wateja wawili wakahamia kwa mwokaji mwingine. Lakini si hilo lililotutisha. Baba aliacha kunyoa ndevu. Aliacha kubishana na redio. Yeye, ambaye madereva wenzake walimwita Mzee Klachi kwa jinsi alivyobadilisha gia abiria asishtuke, akawa anaulizwa anataka kula nini na anajibu, "Chochote." Siku moja Mama alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Huyu anakufa akiwa amekaa."

Ndipo tukampeleka kwa daktari wa mifupa. Alimpima kwa makini, akampima na macho. Akasema mikono ni mizima, macho ni mazima, mguu wa kulia hauna neno. "Mzee, kuendesha unaweza. Klachi ndiyo huiwezi. Tafuta gari la otomatiki."

Baba akacheka kwa dharau. "Gari la kubadilisha gia lenyewe! Sasa mimi ndani yake nitakuwa nani, abiria?"

Lakini kesho yake alinyoa ndevu. Nikajua amekubali.

Mfuko wetu unaufahamu, ni mfupi kuliko subira ya Mama. Tuliuza pikapu, tukaongeza akiba ya tanuri, na kwa fungu hilo gari jipya ni la kutazama kwenye picha. Tukaenda kwanza kwenye yadi ya magari ya mitumba barabara kuu. Dalali wa pale tulimpachika jina la Meno, kwa sababu hakuwahi kuyafunika. Alituonyesha gari moja linang'aa kama viatu vya bwana harusi, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Nakiri nililipenda papo hapo.

Niliingia, nikawasha, nikaweka gia ya kwenda mbele. Gari likanyamaza. Likakaa. Halafu likaruka kama limepigwa teke. Nilipoweka gia ya kurudi nyuma, kitu kikagonga chini ya miguu yangu.

"Ndivyo yalivyo, dada," akasema Meno. "Otomatiki lazima lifikiri kwanza."

Baba akamjibu, "Likifikiri hivi katikati ya njia panda, sisi tutakuwa marehemu wenye gari la akili."

Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Ilinuka kama mkate uliosahauliwa tanurini. Meno hakukata tamaa. Akasema yupo mteja mwingine yuko njiani, tuweke arubuni yoyote kulizuia gari. Kaka, mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba. Nilichoka, madukani kulikuwa hakuna mikate yetu, na nilitaka tu jambo liishe. Mama ndiye aliyeushika ule mkoba akaufunga zipu. "Cha rahisi hutuchukulia pesa mara moja," akasema, "halafu fundi anatuchukulia tena."

La pili tulilipata kwa muuguzi mmoja mstaafu anayehamia kwa binti yake. Ni gari dogo lenye mgongo mrefu, rangi ya majivu, mlango mmoja umebonyea. Halina sura ya kumtambia jirani. Lakini ni la aina inayojaa mitaani, kwa hiyo vipuri vyake havitafutwi kwa tochi, na kila fundi amewahi kulishika. Halinywi mafuta sana. Ukilaza viti vya nyuma, kreti zinaingia zote. Niliposhika usukani nikapanda nalo mlima, gia zilibadilika bila mimi kujua, injini inashusha sauti kidogo tu, kama mtu anayeshusha pumzi. Oili yake ilikuwa safi. Nikamtazama Baba, naye akatingisha kichwa. Tukasema, hili hili.

Na hapa ndipo inapoanza ile nusu uliyosimuliwa.

Baba alitaka kulijaribu mwenyewe. Mimi nikakaa kando yake, Mama na muuguzi nyuma. Alianza vizuri, taratibu, mpaka nikaacha kushikilia mlango. Tulipoukaribia mzunguko, gari lililo mbele likapunguza mwendo. Baba naye akataka kupunguza, na mguu wa kushoto ukafanya kazi uliyoifanya maisha yake yote: ukakimbilia klachi. Klachi haikuwepo. Iliyokuwepo ni breki, tena laini, na goti lile lile lililoshindwa na pikapu liliiweza hii bila taabu.

Gari lilisimama kama limegonga ukuta. Mama akajigonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Nilisikia matairi yakilia nyuma yetu, nikageuka, na kioo cha nyuma kizima kilikuwa kimejaa pua ya lori la kokoto. Nilifumba macho. Sikuomba hata dua, Kaka, nilifumba tu.

Halikutugonga. Dereva wake alishuka akaja mpaka dirishani kwa Baba. "Mzee!" alifoka. "Nani amekupa gari wewe? Unataka kuua watu?"

 Baba alishuka, akazunguka gari akilishikilia asianguke, akaniambia, "Endesha wewe." Nikaendesha. Paji la Mama lilikuwa linavimba.

Tulipofika kwa muuguzi nilidhani tumemaliza. Nikamwambia atusamehe, tutatafuta njia nyingine. Akanishangaza. Akamwambia Baba, "Mimi mwenyewe nilipotoka kwenye gia za mkono nilifanya hivyo hivyo, na mimi niligongwa. Mguu una mazoea yake, lazima ufundishwe. Siwauzii gari hili leo, hata mkinipa bei maradufu. Njoni tufanye mazoezi kwanza. Ukiweza, ni lako. Usipoweza, nitakuambia bila kukuonea haya."

 Siku zilizofuata Baba alirudi kwenye gunia lake, na safari hii mimi sikumbembeleza. Niliogopa. Kila nikifumba macho niliiona pua ya lori. Maneno yote unayoniambia wewe, Kaka, nilishajiambia: mwache akae, mzee akikaa haui mtu wala hafi barabarani. Ningekupigia simu wakati ule, tungekubaliana kwa neno moja.

Halafu asubuhi moja aliingia kwenye chumba cha tanuri amevaa kiatu cha kulia peke yake.

"Kingine kiko wapi?" nikamuuliza.

"Mguu huu nimeuvua cheo," akasema. "Twende kwa muuguzi."

Tulifanya mazoezi kwenye uwanja wa maghala yaliyofungwa, mahali pasipo mtu wala kuku. Muuguzi alimfundisha aurudishe mguu wa kushoto nyuma kabisa, kisigino kiguse kiti, na usitoke hapo hata nyumba ikiungua. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando yake na kupiga kelele ghafla: "Breki!" Mwanzoni mguu uliruka kila mara, nasi tukarushwa mbele kama mahindi kwenye kikaango. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Baba akanifokea kwamba namvuruga. Nami nikamfokea: "Nakuvuruga? Na lori je, litakubembeleza?" Nilimfokea baba yangu mzazi, Kaka, mbele ya mtu wa nje. Akazima gari. Kila mtu akatazama dirisha la upande wake.

Kisha akawasha tena. "Piga kelele," akasema. "Piga kwa nguvu zaidi."

Tulikwenda hivyo wiki baada ya wiki. Mguu ukaanza kutikisika tu bila kuruka. Halafu ukatulia. Siku ya mwisho muuguzi hakutuambia kitu. Alijificha nyuma ya ukuta wa ghala, na Baba alipopita akalisukuma pipa tupu mbele ya gari. Mimi nilipiga kelele ya kweli. Gari lilisimama sawasawa, kwa mguu wa kulia, pipa likapita likibingirika. Niliinama nikatazama chini. Ule mguu mtupu ulikuwa umetulia nyuma, vidole vimekunjwa, haujasogea hata kidogo.

Muuguzi alikuja dirishani akatoa ufunguo. Ndiyo siku niliyokupigia.

Jumatatu tulipeleka mikate. Nilikwenda naye. Kwenye mteremko wa zahanati watu walikuwa wanavuka, ikabidi asimame pale pale. Alikuwa anatoka jasho, na mimi pia. Watu wakaisha. Akaiachia breki, akakanyaga mafuta, na gari likapanda polepole bila kurudi nyuma hata unyayo mmoja. Huko juu alipaki kando, akajifuta uso.

"Mguu umestaafu," akasema. "Mimi bado."

Sasa sikiliza, maana hili ndilo hasa la barua hii. Nilimwambia una hofu, na kwamba ulitaka aache kuendesha. Sikumwambia habari ya jeneza. Hakukasirika. Akasema nikuandikie maneno haya, nisiyapunguze: kwamba njia yake ni ya madukani tu, mchana kweupe, si barabara kuu, kwamba kila akienda kwa daktari atauliza upya, na kwamba anajua siku ya kuacha itafika. "Siku hiyo," akasema, "asiniambie mtu kwa simu. Aje yeye mwenyewe, akae kando yangu nimzungushe mara moja, halafu aniambie usoni. Kwake nitakabidhi ufunguo bila ubishi."

Nami sijui siku hiyo iko karibu au mbali. Ninachojua ni kwamba kiti cha kando yake nimekikalia mimi muda mrefu, na mtu ambaye Baba anamngojea si mimi.

Nisalimie wifi sana, umwambie vitambaa alivyotuma, Mama amevifungia kabatini na hataki viguswe. Mbusu mtoto mashavu yote mawili. Mama anakusalimu, uvimbe wa paji umekwisha, majivuno ya kuuonyesha ndiyo hayajaisha. Muuguzi anakusalimu pia, ingawa hakujui. Baba hajasema nikusalimie, lakini amenipitia mara tatu hapa mlangoni akiuliza kama nimeshamaliza kuandika.

Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, na akufungulie njia ya huku.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na kukusubiri.