Kiti cha Wageni

Rangwe,
Homa Bay

Dada yangu mpendwa Phelesia,

Nakusalimu wewe, shemeji Job na watoto wote hapo Macalder. Mnaendeleaje na afya? Kifua cha yule mdogo kilipoa, ama bado kinamsumbua? Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunaamka. Mke wangu Millicent anakusalimu sana. Mahindi yake yametoka vizuri na amerudi kwaya. Mimi pia ni mzima ukiniona nimesimama. Nikiketi ndipo shida huanza, na ndiyo sababu ya barua hii.

Unajua kwamba kampuni ilipoanza kuvuna mikaratusi kule mlimani, mimi na Momanyi ndio tuliopewa zile mashine mbili zenye mkono wa chuma wa kunyanyulia magogo. Nyumbani mlifurahi, mkasema Cephas sasa ana kazi ya kuketi. Laiti mngekiona hicho kiti. Springi zake zilikufa zamani, kwa hiyo kila jiwe ambalo tairi inapanda, nalisikia hadi shingoni. Mahali pa mto pana gunia tulilojaza majani wenyewe. Tena hakizunguki, na magogo yako nyuma, basi unashinda mchana kutwa umejipinda kama mtu anayeitwa kutoka nyuma, mikono ikivuta vyuma vigumu vinavyotetemeka. Nikishuka jioni, vidole vimekufa ganzi hata kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili. Tulimweleza msimamizi wetu, Stanley, tena kwa heshima. Kila mara alisema vipuri vimeagizwa.

Mwezi uliopita Momanyi alizima injini akiwa mteremkoni, akabaki ameketi. Tulidhani anapumzika. Kumbe mgongo umemkataa na miguu haimsikii. Tulimteremsha juu ya ubao, mwanaume mwenye nguvu zake, akiuma kola ya shati ili asilie mbele yetu. Kampuni ikasema aliumia akilima kwake, ikamwachisha kazi. Shamba lenyewe hulimwa na mkewe, Edith, na kila jirani anajua. Nilikasirika, dada, lakini kesho yake nilipanda mashine yangu kama kawaida.

Halafu wakaja wageni, wanunuzi wa mbao waliotaka kuona wafanyakazi wanavyotunzwa. Asubuhi hiyo Stanley alitoa stoo kiti kipya kinachozunguka, nailoni yake imejaa vumbi la miezi mingi, chenye springi na pa kuegemeza kiuno, kikafungwa kwenye mashine yangu. Nilipewa hata vizibo vya masikio. Niliendesha mbele yao nikipigwa picha. Na kweli nilifanya kazi bila maumivu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa maana kiti hicho kilikuwa stoo wakati Momanyi anavunjika. Wageni walipoondoka tu, fundi alikuja na spana akakifungua, wakakirudishia nailoni yake. Nilimuuliza Stanley kwa nini. Alinijibu bila hata kunitazama:

"Hicho ni kiti cha wageni, Cephas. Wewe umeshazoea kile kingine."

Nikamwambia nitakwenda kwa maofisa wa usalama kazini. Hapo alibadilika, akanivuta kando, akaanza kuniita ndugu. Na alichoniambia ndicho ambacho sikuweza kukueleza kwa simu mnayotumia nyote wawili. Ulinisihi nimtafutie Job kazi tangu shimo la dhahabu lilipoporomoka na kuwaacha mikono mitupu, nami nilikuwa nimemwomba Stanley. Stanley aliniambia nafasi ya Momanyi ni ya Job, aanze hata Jumatatu, mradi nisitaje tena habari ya kiti.

Nilirudi nyumbani nikawaza hadi chakula kikapoa. Kisha nikaenda Homa Bay mjini nikawaeleza maofisa hao yote. Sikukuuliza wewe, wala Job.

Ofisa alikuja bila kutangaza. Nilimwonyesha lile gunia, kisha nikampeleka hadi mlango wa stoo. Stanley akadai ufunguo umepotea. Ofisa akasema atangoja, akaketi juu ya gogo. Ufunguo ukaonekana. Sasa mashine zote mbili zimesimamishwa hadi zifungwe viti vya kufaa, na habari ya Momanyi inachunguzwa upya. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani, na kama nitaitwa tena sijui.

Kwa hiyo kazi ya Job imepotea, na aliyeipoteza ni mimi. Najua hali yenu, na una haki ya kunikasirikia. Msomee na yeye, sitaki afichwe. Lakini jana nilimtembelea Momanyi. Nilimkuta Edith amepiga magoti akimvalisha soksi, na mwenyewe ameangalia ukuta. Sikuweza kukutafutia wewe kazi hiyo ya Edith, nyamera, dada yangu.

Wabusu watoto kwa niaba ya Millicent, na majirani wanaoniulizia waambie nawakumbuka. Ukiona vyema kunijibu, hata kwa hasira, nitafurahi kuuona mwandiko wako.

Ni mimi ndugu yako,
Cephas